Chapa Nyekundu Ndani ya Laptop

Hii kitu mtasema nimetunga, lakini ilitokea hapa hapa Garissa, na wenyewe wako, mnapita karibu nao kila siku mkienda soko. Laptop iliibiwa, na bado iko ndani ya nyumba ya mwenyewe. Imefunikwa na shuka, haina hata mkwaruzo, ukibonyeza inawaka. Na mwizi alipewa chai na sukari ya ziada. Kaeni vizuri niwaambie.

Istahil anauza maziwa ya ngamia Soko Mugdi. Mnamjua, yule mama mrefu mwenye madumu ya njano, ukionja maziwa yake bila kununua anakuangalia mpaka unatoa pesa mwenyewe. Bwana yake yuko huko Tarbaj na ngamia, anakuja mvua ikikubali. Nyumbani ni yeye na binti yake Yurub, ambaye alimaliza fomu foo miaka miwili imepita na tangu hapo kazi yake ni kubeba madumu.

Sasa Yurub akapata kitu kwa simu. Kampuni fulani ya Nairobi inatafuta watu wanaojua Kisomali cha ukweli, wasikilize sauti zilizorekodiwa, waandike kile kinasemwa, halafu wageuze kwa Kiswahili. Unakaa nyumbani kwako, chini ya feni yako, na kila mwezi kitu kinaingia kwa simu. Lakini kulikuwa na masharti. Uwe na laptop yako. RAM ya GB nane, isipungue. Diski iwe ile mpya ya SSD. Na kuna mtihani Jumamosi, saa nne asubuhi, masaa mawili tu, ukishindwa umeshindwa.

Istahil hakuelewa RAM wala SSD. Alielewa "kila mwezi". Akauza mtamba wake mmoja soko la mifugo, yule mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa, na watu wakamwambia umeharakisha, ngoja azae. Akasema binti yangu hangoji kuzaa kwa ng'ombe.

Halafu akampigia Awil.

Awil ni ndugu yake mdogo, tumbo moja, baba mmoja. Istahil ndiye alimbeba mgongoni mama yao akienda kuchota maji. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na ukoo wote ukiwa na kitu chenye skrini, kinaenda kwa Awil. Istahil hajawahi kununua mnyama bila mtu wake anayejua kusoma umri kwa meno, kwa sababu dalali anakula pande mbili. Ndugu yako ndiye asiyekula pande mbili. Ndivyo walivyofundishwa nyumbani, na ndivyo yeye mwenyewe alivyomfundisha Awil.

Wakaenda watatu dukani kwa Khadra, mama anayeuza laptop zilizotumika Ulaya, amezipanga kwa meza kama mikate. Awil akaingia kama mwenye duka. Hii betri imechoka. Hii skrini ina doa. Hii walikuwa wanaichezea watoto, angalia herufi zimefutika. Akainua, akaweka, akanusa, wallahi alinusa, mpaka akafika kwa moja nyeusi nzito, akaiwasha, akaangalia mambo yake, akamwambia Istahil kwa sauti ya chini: hii ndiyo.

Istahil akauliza maswali yake. Ina miaka mingapi. Imepita kwa watu wangapi. Wa mwisho aliiuza kwa nini, kama ni nzuri? Khadra akacheka mpaka akakaa. Akasema tangu aanze biashara hajaulizwa laptop ilitoka kwa nyumba ya nani.

"Abaayo, hii si ng'ombe," Awil akamwambia, na abaayo kwao ni dada.

"Kila kitu ninachouzia ng'ombe ni ng'ombe."

Bei ikashuka mpaka elfu thelathini na nane, na adhuhuri ikaadhiniwa. Awil akatoka kwenda kuswali. Wakabaki wanawake watatu dukani, na hapo ndipo hii hadithi ilipozaliwa, kwa sababu Istahil akasema anataka kuona ndani.

Khadra hakukasirika. Akatoa bisibisi ndogo, akaigeuza mashine kifudifudi, akafungua kifuniko. Akawaonyesha: hiki kijiti cha kijani ni RAM, GB nane, ni kama mkeka, ukiwa mkubwa unatandika kazi nyingi kwa mara moja. Na hii bapa ni SSD, ndiyo stoo, lakini stoo ambayo ukiita kitu kinakuja mbio. Hizi mbili ndizo zinafanya bei. Zilizobaki ni mifupa.

Istahil akaangalia kwa muda. Halafu akamwambia Yurub amtolee kwa mkoba ile rangi ya kucha iliyobaki kwa harusi ya jirani. Yurub akajua mama anataka kufanya nini na akatamani ardhi imeze. Kwa boma la baba yao Istahil na Awil, mnyama akinunuliwa analala na chapa siku hiyo hiyo. Mistari miwili na nukta. Ngamia wanachomwa shingoni, ng'ombe pajani, na hata jerikeni za Istahil ziko nayo. Akachovya ile brashi ndogo, akapiga mistari miwili na nukta, nyekundu, juu ya karatasi ya kile kijiti cha RAM. Akapiga tena juu ya SSD. Akapuliza ikakauka.

Khadra akasema basi sasa hii laptop ikipotea Wajir itarudishwa na wachungaji. Wakacheka wote watatu. Akafunga kifuniko, na ile bisibisi akampa Yurub zawadi, kwa sababu amefurahi. Awil aliporudi msikitini alikuta mashine imefungwa kwa mfuko, na hakuna mtu aliyemwambia. Hawakumficha. Ni mambo ya wanawake, yaliisha na kicheko.

Mlangoni Awil akachukua mfuko. Akasema mashine haiwezi kutumika hivyo, lazima aiwekee programu, ya kuandika, ya virusi, vitu vyote. Apewe siku mbili.

"Abti, mtihani ni Jumamosi," Yurub akamwambia.

"Ijumaa iko kwako, abti," akamjibu, kwa sababu kwao mjomba na mpwa wanaitana jina moja. "Mimi nimewahi kukuangusha?"

Hakuwahi. Hiyo ndiyo shida.

* * *

Ijumaa baada ya swala Awil akaleta laptop, kama anavyokuja kila Ijumaa, kwa sababu Ijumaa anakula kwa dada yake. Akakaa kwa mkeka, akala wali na nyama ya mbuzi na ndizi, akanywa chai mbili za sukari ya ziada. Yurub akaiwasha. Ikazunguka. Ikazunguka. Walimaliza kuosha vyombo ndio ikafunguka.

Yurub akasema dukani ilifunguka haraka, hata hatukumaliza salamu. Awil akacheka. Akasema sasa imebeba mizigo, zile programu. Halafu akamgeukia Istahil na kumwambia maneno ambayo alijua yatamwingia: "Mashine ni kama ngamia mgeni. Siku za kwanza inagoma, ikizoea boma inakwenda."

Istahil akaona ni maneno ya mtu anayejua. Akamwombea dua, akamfungia na maziwa lita mbili ya kubeba.

Jumamosi saa nne, Yurub akakaa. Mama yake hakwenda soko siku hiyo, alimwachia jirani madumu, akakaa mlangoni kufukuza watoto wasipige kelele. Alikuwa anasikia vidole vya binti yake vinabonyeza, halafu kimya, halafu vinabonyeza, halafu kimya kirefu. Kuna sauti ya mzee anaeleza habari ya ukame, neno moja linatoka, linakatika, linarudi. Sauti kumi za kuandika. Saa tano na nusu Yurub alikuwa bado kwa ya pili, na skrini imeganda, ule mshale umesimama katikati kama nzi aliyekufa kwa maziwa.

Istahil akauliza kuna nini. Yurub akazima, akawasha, ikaanza kuzunguka tena pole pole, na saa ya ukutani inatembea. Ilipofunguka, ukurasa ulikuwa na maneno mawili tu. Yurub akamsomea mama yake.

"Muda umeisha."

Akawaandikia wale watu wa Nairobi kwa simu, akaomba, akaeleza. Wakamjibu vizuri kabisa, hawakuwa na ubaya. Walisema mfumo wao unaonyesha mashine yake ina RAM ya GB mbili na masharti yalisema nane. Walisema nafasi zikifunguliwa tena watatangaza. Yurub akarudia kusoma lile jibu mara nyingi. Mbili? Si waliiona ile nane kwa macho yao?

* * *

Sasa hapa Istahil alifanya kosa ambalo mpaka leo akilitaja anajifunika uso na ushungi. Alimpigia ndugu yake. Awil akaja mbio, akafungua, akaangalia, akajipiga paja. Akasema huyo mama amewauzia maneno, dukani inaonyesha nane, nyumbani inakuwa mbili, wafanyabiashara wana ujanja wa kila aina. Akasema twende, mimi nitakuwa nyuma yako.

Na wakaenda, saa ambayo duka limejaa. Kulikuwa na walimu wawili, kulikuwa na mzee anayenunua redio. Istahil akaweka laptop juu ya meza ya Khadra kwa kishindo, akaongea kwa sauti ya soko la mifugo. Kwamba ameuziwa mnyama mgonjwa aliyenyweshwa maji tumbo lijae. Kwamba binti yake amekosa kazi kwa sababu ya mwanamke anayeswali safu ya mbele. Wale walimu wakarudisha laptop waliyokuwa wameshika, wakatoka bila kuaga. Awil alikuwa nyuma, anatingisha kichwa, anasema inasikitisha, inasikitisha.

Khadra alimwacha amalize. Halafu akavuta droo, akatoa bisibisi, akafungua kifuniko mbele ya watu wote.

"Istahil," akasema, "chapa yako iko wapi?"

Yurub alikuwa wa kwanza kuinama. Kile kijiti kilikuwa kingine, karatasi yake imechakaa, haina kitu. Mahali pa SSD palikuwa na diski nene ya zamani, ile ya kuzunguka, ina vumbi kwa kona. Hakuna mistari, hakuna nukta.

"Chapa gani?" Awil akauliza.

Khadra akamweleza yule mzee wa redio, si Awil, kwamba huyu mama aliweka alama ya rangi kwa mkono wake mwenyewe juu ya vitu viwili hapa ndani, na mashine ikatoka dukani ikiwa imefungwa. Hakusema ule mfuko ulibebwa na nani. Watu wa duka walikuwa wanamwangalia Istahil, na Istahil alikuwa anaangalia mikono ya ndugu yake, ambayo ilikuwa inatafuta mfuko wa kuingia.

Awil akasema haraka kwamba rangi ya kucha haistahimili moto. Mashine inachemka ndani, inayeyuka yote, hiyo si ushahidi.

Na Istahil akakubali. Mnaamini? Mama anayejua meno ya ng'ombe gizani, alikubali kwamba rangi iliyeyuka na karatasi ikazeeka na kijiti kikanywea kutoka nane hadi mbili. Kwa sababu akikataa, mwizi anabaki mmoja, Awil. Akachukua laptop yake, akatoka, na nyuma yake Khadra akasema bila kupaza sauti kwamba yeye hatasema kitu, una macho, utaona mwenyewe.

* * *

Siku tisa zikapita. Yurub alirudi kubeba madumu. Hakulia, na hiyo ndiyo ilimkata maini mama yake, angelia ingekuwa rahisi.

Siku ya kumi Ramlo akaja na halwa. Ramlo alisoma na Yurub, baba yake alikufa, analea wadogo watatu na shangazi mgonjwa. Alikuwa na aibu kusema, akasema. Alifanya ule mtihani na amepita. Anaanza kazi Jumatatu. Na amekuja kwa sababu anajua kilichompata Yurub, na anataka kumwambia nafasi zikifunguliwa tena afanye mtihani kwa laptop yake yeye, atamwachia siku nzima, hiyo mashine ni mbio kama nini.

Istahil akamuuliza ameinunua wapi.

"Kwa abti Awil, habaryar," Ramlo akasema, akimwita mama mdogo. "Mashine yenyewe ni yangu ya zamani, ilikuwa pole pole sana. Nikamwambia nina mtihani Jumamosi. Alhamisi akaniwekea vitu vipya ndani, na akanipunguzia kwa sababu ya mayatima. Mungu ampe."

Alhamisi. Istahil akaweka chini kipande cha halwa alichokuwa ameshika. Akamwambia Yurub alete ile bisibisi ya zawadi.

Ramlo hakuelewa, lakini mtu mzima akisema anataka kuona kitu chako, unampa. Yurub akafungua misumari midogo mmoja mmoja, akaipanga kwa sahani isipotee. Kifuniko kikainuka. Na pale ndani, juu ya kijiti cha kijani, mistari miwili na nukta. Nyekundu. Haikuyeyuka hata kidogo. Juu ya SSD, mistari miwili na nukta, na kwa pembeni alama ya kidole cha Istahil mahali rangi ilimwagika kidogo.

Kwao sheria iko wazi, haihitaji mzee wala chifu. Mnyama ukimkuta na chapa yako kwa zizi la mtu, ni wako, unamfungua unaondoka naye, na yule mtu atamfuata aliyemuuzia. Ramlo ni mtoto wa wachungaji pia. Aliangalia ile rangi, akaangalia jerikeni mlangoni, akaelewa. Akaisukuma laptop kwa mkeka mpaka kwa magoti ya Istahil.

"Chukua, habaryar. Ni yako." Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Naanza Jumatatu."

Istahil hakuchukua, hakurudisha. Akavaa viatu akaenda stendi.

* * *

Awil alikuwa ameinama juu ya simu ya mtu, miwani ya kukuza kwa jicho. Alipomwona dada yake amesimama bila salamu, alijua. Akamwambia mteja arudi kesho.

Hakukana. Hiyo ndiyo ilimshangaza Istahil, alikuja na maneno ya kupigana na mtu anayekana. Awil akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia akae, na akaanza kuongea kama mtu aliyengoja miaka.

Akasema dalali akikuletea mnyama, unampa chake. Yeye alipoteza asubuhi nzima dukani, akashusha bei kwa elfu saba, na alipewa nini? Wali. Ukoo mzima wanamletea simu, anatengeneza, anaambiwa Mungu akulipe, na mwenye kibanda anayedai kodi hakubali Mungu akulipe. Alikuwa na deni la kodi, Ramlo alikuwa na pesa mkononi, na mashine ya Istahil ilikuwa mezani. Alifikiri Yurub ni kuandika tu, hata mbili zitatosha. Alifikiri atarudisha mwezi ujao.

"Ungeniambia," Istahil akasema. "Ningekupa mtamba mwenyewe."

"Ungenipa, halafu ungewaambia watu umenipa."

Ilikuwa kweli kidogo, na Istahil alijua. Halafu akamuuliza kitu kimoja tu. Siku ile dukani, ukiwa nyuma yangu, ukinisikia namtukana mwanamke wa watu, ulikuwa unafikiria nini?

Awil akachukua bisibisi, akaiweka chini. Akasema: "Na ile chapa, abaayo. Mistari miwili na nukta. Ni ya baba. Si yako peke yako. Kitu chenye hiyo chapa ni changu pia."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa.

* * *

Mama yao akapiga simu siku iliyofuata, ameshaambiwa. Akasema watoto wa titi moja hawapelekani polisi, hawapelekani sokoni. Istahil akasema ndiyo hooyo. Halafu akaenda dukani kwa Khadra, saa ile ile ambayo duka linajaa, akasema mbele ya watu kwamba aliongea uongo, kwamba huyu mama alimuuzia mali safi. Mtu akauliza, basi nani alibadilisha? Istahil akasema hilo hakuja nalo. Khadra akamkubalia, lakini hakumkaribisha kiti.

Jioni Ramlo akarudi kujua hukumu yake. Istahil akaitisha ile rangi ya kucha. Kwao mnyama akitolewa sadaka, chapa inakatwa na mstari, ili kesho asidaiwe na watoto. Akafungua laptop ya Ramlo, akapiga mstari juu ya chapa ya kijiti, akapiga mstari juu ya chapa ya diski. Yurub alikuwa amemshikia taa ya simu, na hakusema mama usifanye. Jumatatu Ramlo akaanza kazi. Jumatatu Yurub akabeba madumu mawili, mkono huu na mkono huu.

Na Ijumaa ikafika, kama Ijumaa zote.

Istahil alikuwa amepika. Baada ya swala pazia la mlango likainuka, na Awil akaingia, amevaa kanzu yake safi, akatoa salamu. Akavua viatu mahali anapovua siku zote. Akakaa mahali pake kwa mkeka, akaosha mikono kwa birika, akakausha, akangoja. Hakuomba msamaha na hakuangalia chini. Yurub, mwenye ile laptop ya GB mbili imefunikwa na shuka nyuma yake, hakuitikia salamu, alimwangalia mama yake tu.

Istahil yuko pale katikati ya chumba, ameshika sahani ya tatu. Wali unatoa moshi, nyama iko juu, ndizi iko pembeni vile Awil anavyopenda. Nje mtu anapita na mkokoteni wa punda.

Wewe, ukiwa umesimama pale na hiyo sahani, ungeiweka mbele yake?